Salamu Maria Tatu

Juzi mjukuu wangu aliniletea unga wa uji kutoka dukani. Juu ya mfuko wameandika lishe, na ndani wamechanganya kila kinachosagika: karanga, soya, mchele, ulezi, mtama. Aliufungua hapa mezani kwangu Chumbageni, mjini Tanga, vumbi likapanda, pua yangu ikauchagua mtama peke yake na kuyaacha mengine yote. Nikakaa chini. "Bibi, vipi? Presha?" mtoto akauliza. Nikamwambia ndiyo, presha. Ni rahisi kumwambia mtoto wa siku hizi kwamba una presha kuliko kumwambia kwamba mama yako alizikwa nje ya makaburi ya Wakristo wenzake kwa ajili ya ulimi wako.

Sisi tulikuwa Wamakua. Watu wa Tanga hawakuhangaika kututofautisha. Kila aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma kwao alikuwa Mmawia, basi, yamekwisha. Baba zetu walikuja kukata mkonge. Mikataba yao ilipomalizika, wachache hawakurudi kwao, na jumbe mmoja wa Kizigua akawapa kipande cha nyika nyuma ya mashamba ya mkonge, upande wa kwendea Handeni, mahali ambapo yeye mwenyewe asingefunga hata mbuzi wake. Tulikuwa nyumba kumi na moja. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu, na migunga ilitoa miiba mingi kuliko majani. Siku nyingine tuliitazama mvua ikinyesha kule milimani Usambara, kwa watu wengine, na upepo ukituletea harufu yake tu. Sisi tulipanda mtama na mihogo, na tulichovuna kilikuwa kile ambacho jua lilisahau kukichoma.

Baba yangu alikufa kwa kifua muda mfupi baada ya kuhamia huko, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa mama na mimi. Mama aliitwa Veronika. Alikuwa mrefu, mwenye chale mashavuni, mcheshi kwa watu wake na bubu kwa wengine wote, kwa sababu hakujua Kiswahili. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakata mkonge, nikacheza na watoto wa Kinyamwezi na wa Kiha, na Kiswahili kiliniingia bila kubisha hodi. Kisimani, walikochota Wazigua, mama alinisukuma mbele. "Sema nao," aliniambia kwa Kimakua. Nikasema nao. Nilikuwa mdomo wa mama tangu nikiwa na miaka sita au saba, na nilijivunia sana kazi hiyo.

Wote tulikuwa Wakatoliki, na majirani zetu wote Waislamu. Kanisa letu, yaani kigango, lilikuwa nyumba ya udongo yenye msalaba wa boriti mbili za mkonge zilizofungwa kwa kamba ya mkonge. Hata Yesu wetu tulimtundika juu ya kazi ya bwana mkubwa. Padri alikuwa Mzungu, alikuja kwa pikipiki kila baada ya miezi mitatu au minne, akiwa na kisanduku chake cha Misa kimefungwa nyuma. Siku zilizobaki alituongoza katekista, Benedikto, Mmakua mwenzetu, mtu pekee kati yetu aliyevaa viatu hata shambani.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida ya kuungama. Padri alijua Kiswahili, Kimakua hakukijua. Wanawake kama watano hivi walijua Kimakua, Kiswahili hawakukijua. Sheria ya Kanisa inaruhusu mkalimani katika kitubio, na kwa haki kazi hiyo ingekuwa ya Benedikto. Wanawake walikataa katakata. Nani atamwambia dhambi zake mwanamume ambaye kesho watakutana njiani, tena shemeji ya huyu na mjomba wa yule? Wakaamua mambo kwa akili ya kwao. Kwetu msichana ambaye hajachezwa unyago hahesabiwi kuwa ana mdomo. Akiambiwa neno, ni kama limewekwa ndani ya chungu. Wakatafuta msichana wa namna hiyo anayejua lugha zote mbili. Nilikuwa mmoja tu.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa kata. Nyuma ya kigango lilitundikwa jamvi. Upande mmoja padri ameketi kwenye kiti cha kukunja na stola yake, ule ukanda wa zambarau, shingoni, upande wa pili mwanamke amepiga magoti, na mimi nimesimama kwenye ncha ya jamvi, nikiwaona wote wawili. Mara ya kwanza padri aliniambia taratibu, kwa Kiswahili chake cha puani, kwamba ninayoyasikia hapo ni ya Mungu, nisiyaseme popote. Benedikto aliona maneno hayo hayatoshi. Alinivuta kando akaniambia, "Ukitoa siri ya kitubio, ulimi utakuozea mdomoni. Utaanza kunuka wewe mwenyewe ukinusa."

Nilimwamini. Sitaandika dhambi za wanawake wale hata leo, na wote wamekwisha kufa. Ulimi wangu bado naupenda. Nitasema tu zilikuwa dhambi ndogo za watu wenye njaa. Lakini akili yangu ya kitoto ilinidanganya jambo moja: nilidhani dhambi ikipita mdomoni mwangu inaacha masalia. Kila baada ya kitubio nilikwenda nyuma ya jiko letu, nikasukutua kwa maji na majivu mpaka fizi zikawaka. Mama aliniona akacheka. "Umekula nini huko kwa padri?" akauliza.

Ukaja mwaka ambao hata jua lilichoka kutuchoma, kwa sababu hakikubaki cha kuchomwa. Mtama uliota kidole kimoja ukafa. Tulikula mihogo mikavu na majani ya porini, na ndani ya nyumba yetu kulibaki kibuyu kimoja cha unga wa mtama ambacho mama alikifunga kwa kitambaa na kukining'iniza juu nisipofika. Asubuhi moja, kabla hajanawa uso wala kusema na mtu, nilimwona akikishusha. Nikamfuata kwa nyuma, tumbo likiimba, nikijua anakwenda kupika kwa siri. Alikwenda mpaka kwenye mgunga uliokuwa mwisho wa shamba letu. Akapiga magoti. Akachota unga kwa vidole vitatu na kuumwaga chini polepole, tena na tena, mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo cheupe. Alikuwa akiita majina: la mama yake, la bibi yake, la mama wa bibi yake, wote waliozikwa ng'ambo ya Ruvuma. Aliwaambia wamfikishie Muluku, ambaye ndiye Mungu kwa Kimakua, kwamba huku tunakufa.

Hiyo ndiyo makeya, unga wa sadaka, na kwetu wanaoumwaga ni wanawake, kwa sababu ukoo ni wa kwao. Mimi sikujua hayo. Nilichokiona ni chakula kinamwagwa chini mbele ya mtoto mwenye njaa. Nilimchukia mama yangu asubuhi ile. Ninalisema bila kuficha, kwa sababu chuki ile nayo ilifanya kazi yake baadaye.

Padri alipofika, mama alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alipiga magoti, akasema bila kuzungukazunguka, "Nimemwaga makeya. Nimewaita mama zangu. Nilijua kanisa linakataza, na nilifanya. Nilikuwa na njaa na mtoto ana njaa. Mwambie."

Jumapili iliyotangulia Benedikto alikuwa amehubiri habari hiyohiyo. Alisema mwenye kuabudu mizimu atafungiwa sakramenti, na akifa hivyo atazikwa porini kama mbwa. Nilimwona mama yangu porini. Halafu nikaona aibu. Mzungu yule msafi atajua kwamba mama yangu hupiga magoti mbele ya mti wa miiba. Na nyuma ya hayo yote ilikuwapo hasira ya ule unga. Padri alikuwa akisubiri, sikio limeinama. Mama alikuwa akinitazama mdomoni.

Nikasema, "Padri, anasema amegombana na jirani yake."

Padri alitikisa kichwa taratibu, akasema maneno yake ya Kilatini, akainua mkono. "Mwambie asali Salamu Maria tatu," akasema, "na apatane na jirani."

Nikamwambia mama, "Usali Salamu Maria tatu." Yale ya jirani niliyameza.

"Tatu tu?"

"Tatu."

 Uso wa mama ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe. Alizisali palepale, magoti yake kwenye kokoto, kwa Kiswahili alichokikariri bila kukielewa, na machozi yakimtoka. Mimi nilikwenda zangu kusukutua.

Kosa langu nililidhani limekwisha hapo. Lakini dhambi ya mtu ni yake mwenyewe, ana ruhusa ya kuisimulia, na mama alikuwa na furaha. Aliwaambia wenzake kisimani. Mama Felista, rafiki yake wa tangu kambini, hakuamini. "Padri amekuondolea makeya kwa Salamu Maria tatu?" Mama akaapa. Basi wanawake wakafikiri pamoja, na hawakufikiri kijinga: ikiwa Mungu mwenyewe, kwa mdomo wa padri, ameona unga ule ni kosa la Salamu Maria tatu, basi hana ugomvi mkubwa na mama zetu. Wiki hiyo wanawake tisa walikwenda kwenye mgunga wetu mchana kweupe, kila mmoja na unga wake kidogo, wakapiga vigelegele. Siku ya nne mvua ikanyesha. Benedikto alitangaza kwamba ile ilikuwa mvua ya shetani. Hata hivyo alipanda mtama wake kwa mvua hiyohiyo, tena alituwahi wote.

Padri aliporudi, Benedikto alimlaki njiani. Misa haikuanza. Watu wote walisimamishwa mbele ya kigango, na wanawake tisa wakaitwa mmoja mmoja, Benedikto akikalimani. Nilitazama jambo ambalo sijalisamehe. Mmoja baada ya mwingine walisema wamedanganywa na Veronika. Mama Felista alisema hivyo akiangalia vidole vya miguu yake. Wakapewa rozari za kusali, wakarudi mahali pao.

Mama aliitwa mwisho. Hakuogopa hata kidogo. "Mwambie padri," alimwambia Benedikto, "mimi sikujificha. Jambo hili niliungama kwake mwenyewe. Aliniondolea, akanipa Salamu Maria tatu. Na kama amesahau, mimi sikusahau."

Benedikto alitafsiri, na alitafsiri sawasawa. Haki yake nampa. Uso wa padri ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Mimi siwezi kusema neno lolote la kitubio," akasema. "Hata nikiuawa. Lakini mwanamke huyu anajua alichosema, na Mungu anajua."

"Mkalimani alikuwa mtoto wake," Benedikto akasema. "Padri, aulizwe huyu."

"Hapana!" Padri alinyanyua mkono. "Mtoto asiulizwe. Naye amefungwa na siri."

Lakini alinigeukia, akanitazama kwa muda mrefu. Mimi naamini alijua. Msomi yule, mtu mzima, aliyesikiliza dhambi za watu maisha yake yote, angekosaje kujua? Alikuwa na mlango wa kumtolea mama yangu na mlango huo nilikuwa mimi, na aliufunga kwa sheria yake. Mimi kwa upande wangu nilifikiri kwamba nikisema neno moja tu, hata neno la kukiri uongo wangu mwenyewe, nitakuwa nimetoa siri, na ulimi utaanza kuoza hapohapo mbele za watu. Nilibana meno. Mkojo ukanitoka, ukateremka miguuni mpaka kwenye vumbi.

Mama aliuona mchirizi ule. Akanitazama usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena. Naweza kuchora uso wake hadi leo: haukukasirika, ulielewa tu. Akamgeukia Benedikto.

"Mwambie padri nimesema uongo," akasema. "Sikuungama kitu. Nilimsingizia."

Hukumu yake ilikuwa ya makosa mawili, mizimu na kumsingizia padri. Alifungiwa sakramenti. Kila Jumapili apige magoti nje ya mlango wa kigango, juani, wengine wakisali ndani, mpaka padri atakaporudi tena na kuona kama ametubu.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye mgunga, mama alisimama. "Ulimwambia nini siku ile?" akauliza.

"Nilimwambia umegombana na jirani."

Alicheka, kicheko kifupi cha pumzi. "Na hilo ndilo nililokuwa sijalifanya." Halafu akashika kidevu changu. "Usimwambie mtu, mwanangu. Masista wamekubali kukuchukua misheni usome. Wakijua ulichezea kitubio hawatakutaka. Mimi magoti yangu yamezoea shamba."

Alipiga magoti Jumapili saba. Nilikuwa nikiingia ndani nikimpita, na kila mara alinisukuma mgongoni kidogo niingie. Jumapili ya nane hakuamka. Homa ilimshika mavuno yakikaribia, mtama ule wa mvua ya shetani ukiwa umempita mtu kimo, mzuri ajabu. Siku ya tatu ya homa aliniambia niende kwa Benedikto, atume mtu misheni, anamtaka padri.

Benedikto alikuwa uwanjani akinoa jembe. "Shikamoo," nikasema. Nikampa maneno ya mama.

"Marahaba. Padri ana zamu yake," akasema. "Na mama yako ana Jumapili zake. Amalize kwanza."

"Mama hakusema uongo," nikasema. Ilikuwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Aliacha kunoa. "Unataka kutoa siri ya kitubio?"

Niliunusa mdomo wangu mwenyewe, wallahi niliunusa, na ulinuka. Njaa na hofu hunukisha mdomo wa mtoto yeyote. Nikasema, "Hapana." Nikageuka nikarudi nyumbani.

Mama alikufa Ijumaa, jua likiwa utosini. Benedikto alikataa azikwe penye misalaba ya wenzake, na watu wa nyumba kumi walikaa majumbani mwao. Aliyekuja ni Mzee Kibwana, Mzigua wa kule kisimani, na wanawe wawili. Mkewe alimwosha mama. Walichimba kaburi chini ya mgunga, pale palipomwagwa unga, na walipomaliza mzee aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, nyie Wakristo mnalazwa kuelekea wapi?" Sikujua. Alingoja kidogo, akasema, "Basi tutamlaza kama tunavyolazana sisi." Mama yangu, Mmakua na Mkatoliki, amelala kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na hao ndio watu pekee waliomtendea Kikristo siku ile. Mama Felista alikuja mwisho, akasimama mbali na ngumi yake imefumbwa. Najua ndani ya ngumi mlikuwa na unga. Hakuifumbua.

Masista walinichukua. Nilikula mkate wao miaka mingi, wakanifundisha kusoma na kushona, nikaolewa mjini, nikazaa, nikazeeka. Jumapili zote nimekwenda kanisani. Nimeungama mara nyingi kuliko nywele zangu, nikisema hiki na kile, na hilo sikuligusa. Si kwa ajili ya ulimi tena. Uongo wa Benedikto niliutambua nikiwa msichana. Nilikuwa naogopa nitakachojibiwa.

Mwaka jana nilichoka. Nilimwendea padri kijana, Mwafrika, mpole, umri wa mjukuu wangu mkubwa. Hakukuwa na jamvi wala mkalimani. Nilimweleza yote, unga, jirani, mkojo, Jumapili saba, kibla. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza vizuri, sina la kumlaumu.

"Mama," akasema, "ulikuwa mtoto. Hiyo haikuwa dhambi yako. Mungu alikusamehe siku ileile." Akafikiri kidogo. "Lakini kwa ajili ya kutuliza moyo, usali Salamu Maria tatu."

Nilimuuliza, "Tatu tu?"

"Tatu," akasema, akatabasamu.

Malipizi yote niliyowahi kupewa maishani nimeyasali, hata yale ya rozari nzima, hata nikiwa mgonjwa. Hizo tatu sijazisali.